Siku 84 za Mama, Siku 3 za Baba: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Kibamba

Jumamosi moja ya mwaka 2023, yapata saa 9 alasiri, mama mmoja aliingia nyumbani kwake Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, akitokea benki anakofanya kazi ya ukeshia, na kabla hajavua viatu macho yake yakatua kwenye chupa ya dawa ya homa iliyokuwa mezani, dawa ikiwa imeshuka kuliko alivyoiacha alfajiri. Mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa na miezi minane, alikuwa amekesha na joto. Dada wa kazi alimpa kijiko saa 2 asubuhi kama alivyoagizwa, kisha baba aliporudi saa 3 kutoka shifti ya usiku, dada akamlaza mtoto kando ya baba na kwenda sokoni bila kusema lolote kuhusu dawa, kwa kuwa habari za mtoto alizoea kuzipeleka kwa mama peke yake. Saa 5 kilio kilimwamsha baba, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akaona bado anachemka, akampa kijiko kingine. Muuguzi jirani yao aliposimuliwa aliagiza mtoto asipewe tena hadi usiku na anyonyeshwe kwa wingi, na kweli hakudhurika.

Mama aliuliza kwa nini hakupigiwa simu kwanza. Baba akajibu kwamba angempigia vipi, ilhali simu yake hufungiwa kabatini tangu asubuhi hadi kaunta ifungwe. Mama akasema mtu asiyejua dozi ya mwanawe na amngojee anayeijua. Ndipo baba akatamka maneno ambayo wote wawili walinikariria baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, bila kupunguza hata neno: "Mimi humu ndani naulizia habari za mwanangu kama jirani." Siku tisa zilizofuata waliongea habari za luku, maji na nauli tu.

Nilisimamia ndoa yao mwaka 2020, na kwa kawaida yetu msimamizi haiachi kazi yake ukumbini pamoja na maua. Isitoshe, kazi iliyonilisha kwa miaka mingi ni ya utumishi: nimewaandikia watu barua za likizo, na nyingine nimezikataa. Kwa hiyo waliponiita nikaketi kwenye kochi lao kwa nafasi zote mbili, na wameniruhusu kukieleza kisa hiki kwa sharti kwamba wao na waajiri wao wasitajwe. Nilitarajia kukuta ugomvi wa fedha, au wa ukweni, au wa simu. Nilichokikuta ni ugomvi ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imeandikwa tayari na watu wasioijua nyumba ile: waliotunga vifungu vya likizo, waliopanga zamu za kiwanda, na walioamua simu ya keshia ikae wapi. Dai langu ni kwamba sera zinazosemekana kumsaidia mfanyakazi kuoanisha kazi na familia ziliifundisha nyumba hii, taratibu na bila mtu kukusudia, kwamba mtoto ni wa mama.

Tuanze na likizo yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Desemba 2006, inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anaweza kuianza wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na hapo ndipo hesabu ya wanawake wengi wa mjini inapoanzia, kwa sababu kila siku inayotumika kabla ya kujifungua inapungua kwenye siku za kukaa na mtoto. Mama huyu alisimama kaunta akiwa na miguu iliyovimba hadi siku tano kabla ya kujifungua. Alibakiwa na siku 79, akaziunganisha na likizo yake ya mwaka ya siku 28, akapata siku 107, na alipovaa tena sare ya benki mwishoni mwa Oktoba 2022 mtoto alikuwa na miezi mitatu na nusu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Baina ya ushauri huo na kalenda yake kulikuwa na pengo la miezi miwili na nusu, na hiyo ni baada ya kuitoa kafara likizo ya mwaka mzima.

Kafara hiyo ilikuwa na gharama ambayo barua ya likizo haikuionyesha. Desemba ilipofika hakuwa na siku hata moja ya kwenda kwao Korogwe, ambako wazee walikuwa wakimngoja mjukuu. Baba alishauri kwamba yeye aende peke yake na mtoto, wazo ambalo kwa mtoto wa miezi mitano anayenyonya halikuwa wazo. Mama mkwe wa baba hakusema kitu kwenye simu, lakini ukimya wa mama mkwe una namna yake ya kufika.

Baba naye sheria ilimpa siku 3. Ni siku tatu zenye malipo, zinazopaswa kuchukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na ni tatu kwa mzunguko mzima wa miezi 36, hata kama katika mzunguko huo amezaliwa mtoto zaidi ya mmoja. Alinisimulia alivyozitumia. Ya kwanza aliimalizia kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Ya pili alinunua beseni, ndoo yenye mfuniko, khanga doti mbili na chandarua, kisha akahangaikia bili. Ya tatu alikwenda kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kumpokea mama mkwe aliyetoka Korogwe na kapu la pilipili manga na unga wa uji. Siku ya nne, saa 9 alasiri, alikuwa kiwandani kando ya Barabara ya Nyerere akipokea zamu. Nilipomuuliza katika siku zile alimbeba mtoto mara ngapi, alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema mara mbili, na ya pili ilikuwa kwa ajili ya picha.

Hapa ni lazima niitendee haki sheria, kwa sababu haikuwa peke yake. Mila ya arobaini iliingia mlango uleule. Kwa siku 40 mama mkwe alilala chumbani na mzazi, akamkanda, akampikia uji wa pilipili manga, akamfundisha kumwogesha mtoto, na baba akahamia sebuleni. Heshima ya ukwe mnaijua: mkwe na mkwe hawapishani ovyo kwenye korido nyembamba ya nyumba ya vyumba viwili, kwa hiyo alipiga hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, na mara nyingi akaona ni afadhali asipige. Sitaki mila hii idharauliwe. Pasipo bibi yule mama angeelemewa vibaya. Ila ni kweli kwamba mila ilimtoa baba chumbani wakati sheria ilikuwa inamwita kiwandani, na zote mbili zilipomwachia, mtoto alikuwa na siku zaidi ya arobaini na mama alikwisha kujua kilio cha njaa ni kipi na cha usingizi ni kipi. Elimu hiyo haina kitabu. Hupatikana kwa kukaa, na aliyepewa ruhusa ya kukaa alikuwa mmoja.

Kipengele cha siku 7 nacho nina deni nacho. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, kijana mmoja aliniletea ombi la likizo ya uzazi siku ya kumi, kwa kuwa mkewe alikwenda kujifungua kwao, mkoa wa mbali, kama wanavyofanya wengi kwa mtoto wa kwanza, na yeye alipata nauli baadaye. Nilimrudishia fomu nikimwonyesha kifungu. Nilikuwa sahihi kisheria, kwa kuwa sheria inaweka kiwango cha chini na mwajiri halazimiki kuongeza. Lakini hakuna kilichomkataza mwajiri kuongeza pia, na mimi sikuuliza.

Kiwango hicho cha chini hupandishwa mahali pawili, kwenye sera ya mwajiri au kwenye mkataba wa hali bora ambao chama cha wafanyakazi hujadiliana na menejimenti. Katika kiwanda cha baba huyu mkataba wa hali bora ulikuwepo. Ulizungumza kwa kirefu juu ya ubani, usafiri wa usiku, sabuni, maziwa ya wanaofanya kazi kwenye vumbi, na asilimia ya nyongeza. Juu ya baba aliyepata mtoto haukuwa na mstari. Wajumbe wa tawi niliowauliza hawakuwa na kinyongo na jambo hilo. Walisema tu kwamba halijawahi kuletwa. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili zenye malipo, na sijasikia kwamba viwanda vya Nairobi vilifungwa kwa sababu hiyo. Hapa kwetu marekebisho ya mwaka 2025 yalimwongezea baba siku, zikawa 7, pale mtoto anapozaliwa njiti. Ni hatua, na wazazi wa watoto njiti wanaijua thamani yake, lakini mtoto wa kisa hiki alizaliwa kwa wakati wake.

Sasa niingie kwenye jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, nalo ni saa mbili za kunyonyesha. Sheria inasema mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wasomaji wengi huona hapo zawadi ya saa mbili. Msomaji wa utumishi huona dari isiyo na sakafu: neno "usiozidi" linataja mwisho wa juu na halisemi chochote kuhusu mwisho wa chini. Tena kifungu kinachukulia kwamba mtoto yuko mahali ambapo mama anaweza kumfikia. Kutoka benki ile, iliyoko eneo la Posta katikati ya jiji, hadi Kibamba ni zaidi ya kilometa 20, kwa basi la mwendokasi hadi Kimara na daladala kuanzia hapo, na asubuhi mama huyu huondoka saa 11 na nusu alfajiri ili awe mlangoni kabla ya saa 2. Kwenda kunyonyesha mchana na kurudi ni jambo lisilowezekana. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya wengi: aliomba saa zake mbili zikatwe mwishoni mwa siku, aondoke saa 9 badala ya saa 11 jioni. Meneja wa tawi alisaini siku hiyohiyo, kwa tabasamu na pongezi, na fomu iko kwenye jalada lake hadi leo.

Tatizo ni kwamba kaunta hufungwa saa 10, na keshia hainuki kabla hajabalansi. Fedha iliyomo kwenye droo inapaswa kulingana na iliyomo kwenye mfumo, noti kwa noti, kisha ikabidhiwe kwa aliyeshika ufunguo. Keshia anayetaka kuondoka saa 9 ni lazima afunge droo yake saa 8 na nusu, wakati foleni imefika mlangoni, na wateja wake wagawanywe kwa wenzake wawili waliobaki. Wiki ya kwanza wenzake walimwambia nenda kamwone mtoto. Wiki ya tatu mmoja aliuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, mtoto anaacha kunyonya lini. Mwezi wa pili, siku aliyofunga kwa haraka, ilitokea shoti, yaani upungufu kwenye droo, wa shilingi 70,000, akailipa mwenyewe kutoka kwenye mshahara, na tangu siku hiyo hakufunga droo mapema tena. Haki ilibaki kwenye jalada na yeye akabaki kaunta. Nilimwambia kwamba angeweza kuipigania. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mzee. Nani atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi, kwa ajili ya maziwa, na kesho yake arudi kukaa katikati ya wenzake walewale?

Badala yake alianza kukamua. Benki haikuwa na chumba cha kazi hiyo, na sheria yetu haikitaji, tofauti na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Alikamulia stoo ya makaratasi, akiwa amekalia boksi la risiti, mgongo ukiwa umeegemea mlango kwa kuwa kitasa hakikuwa na ufunguo. Chupa aliifunga kwa selotepu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake na kuiweka kwenye friji ya jikoni, nyuma ya soda na mabakuli ya wali ya wenzake. Jioni aliibeba kwenye kimfuko chenye barafu, amesimama ndani ya mwendokasi, ameikumbatia kifuani ili isikandamizwe. Alifika nyumbani saa 2 kasoro usiku. Mtoto hulala saa 2 na nusu.

Ndani ya dakika hizo arobaini ndipo familia ilipokuwa inaishi. Sishangai kwamba mama hakutaka kuzigawa. Baba, wiki aliyokuwa na zamu ya asubuhi, alikuwa nyumbani tangu saa 11 jioni, lakini mama alipoingia alimpokonya mtoto mikononi, akamwuliza dada kala nini, kaharisha, kalala saa ngapi, na baba akasikiliza taarifa ya siku ya mwanawe kutoka jikoni, kwa masikio ya pembeni. Wiki nyingine mbili zamu ilimwondoa kabisa: ya mchana ilimrudisha usiku wa manane, na ya usiku ilimfanya alale mchana. Katika kila wiki tatu, mbili alimkuta mtoto amelala au yeye mwenyewe alikuwa amelala.

Juu ya hapo kulikuwa na ovataimu. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na sheria inaruhusu hadi saa 50 katika kila wiki nne. Kabla ya mtoto baba huyu hakuwa mpenzi wa ovataimu. Baada ya mtoto alianza kuzisaka, kwa sababu kulikuwa na mshahara wa dada, nepi, na deni la bili ya hospitali, na kwa sababu, kama alivyoniambia akitazama sakafu, kiwandani alijua anachokifanya. Ukiutazama mfumo huu kwa jicho la mhasibu, unamlipa baba zaidi kwa kila saa anayoongeza kuwa mbali na mtoto, na haumlipi chochote kwa saa anayokaa naye isipokuwa zile siku tatu. Halafu tunashangaa kwamba akina baba huonyesha upendo kwa kuleta fedha. Mama aliuona mfuko wa fedha na akauona ukimya wake, akahitimisha kwamba mwenzake amejitoa. Baba aliona anavyopokonywa mtoto, akahitimisha kwamba hahitajiki. Wote wawili walikuwa na ushahidi wa kutosha.

Na simu. Kanuni ya kutoweka simu kaunta ina sababu ya usalama ambayo hakuna mwenye akili atakayeipinga, na siiombi iondolewe. Lakini katika nyumba ambayo habari zote za mtoto zimehifadhiwa kichwani mwa mtu mmoja, kumzimia mtu huyo simu kwa saa nane ni sawa na kufunga kabati la dawa na kuondoka na ufunguo. Tawi lina simu ya mezani. Hakuna aliyewahi kuwaambia waume na wake wa wafanyakazi namba yake, wala kuwahakikishia kwamba mtu akipiga kuhusu mtoto keshia ataitwa.

Tulipoketi, jambo la kwanza nililokataa ni kuamua nani alikosea Jumamosi ile. Nilichukua karatasi nikawaomba waorodheshe kila anachokijua mmoja kuhusu mtoto ambacho mwenzake hakijui. Ya mama ilijaa pande mbili. Ya baba ilikuwa na mistari mitatu, na mmoja ulikuwa kwamba mtoto hutulia akisikia mlio wa pikipiki. Mama hakujua hilo. Alicheka, na nadhani kazi yangu ya siku hiyo ilikuwa imekwisha hapo, ingawa nilinywa chai yao kwa saa nyingine moja.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kiofisi kuliko za kimapenzi. Baba alimwandikia msimamizi wake barua ya kuomba kubadilishana zamu na mwenzake asiye na familia mjini, ambaye alipenda usiku kwa sababu kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Msimamizi alisita, akihofia kwamba kila mtu ataleta lake, kisha akakubali kwa miezi mitatu. Kwa hiyo zamu za usiku zilimwondoka. Ovataimu alizipunguza kwa nusu, na hapo mama ndiye aliyelazimika kumeza, kwa maana bajeti ilibana na alikuwa ameizoea ile fedha kuliko alivyokuwa anakiri.

Kwa upande wa benki, mama aliomba kuhamishwa kaunta. Alipelekwa ofisi ya nyuma, kwenye kufungua akaunti, kazi isiyo na droo ya kubalansi, na akaanza kutoka saa 9 bila mtu kununa. Mshahara ulibaki, ila posho ya wanaoshika fedha ilikatwa, na kwa watu wa benki wanaotazama ngazi za vyeo, kuondoka kaunta kabla ya kuthibitika kuwa keshia mkuu ni kujiweka nyuma ya wenzake. Hakuna aliyemwadhibu. Kila hatua ilichukuliwa kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba amelipia saa zake za kunyonyesha kwa posho na pengine kwa cheo. Baba, ukiacha nyongeza ya usiku, hakulipia chochote cha namna hiyo kwa kubadilisha zamu. Nililiweka jambo hilo mezani, na sikupata jibu. Baba alinyamaza, mama akasema tuendelee.

Mtoto alipofikisha miezi tisa alitakiwa chanjo ya surua na rubella, na aliyempeleka kliniki alikuwa baba, siku yake ya mapumziko, akiwa na kadi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye benchi katikati ya akina mama ishirini na kitu. Muuguzi alipolifikia jina, aliangalia huku na huku akauliza mama yake yuko wapi, na baba akajibu kwamba yuko kazini, baba yake ndiyo mimi. Akaulizwa mtoto anakula mara ngapi, akajibu. Akaulizwa kama amewahi kupata degedege, akajibu. Aliponisimulia alijitahidi kuonyesha kwamba ni jambo dogo, lakini alinisimulia mara mbili.

Jikoni kwao sasa kuna daftari limening'inizwa kwenye msumari kwa uzi, na kila anayempa mtoto dawa au chakula huandika. Wiki ya kwanza lilizua mkanganyiko wake, kwa kuwa baba aliandika kwa saa za kiwandani, 14:00, wakati dada huandika saa 8 mchana, na mama akamkuta mtoto amekula uji mara mbili ndani ya nusu saa ambayo haikuwapo. Wakakubaliana saa za Kiswahili.

Dada huyo ni binti wa miaka 21 kutoka Singida, na mwandiko wake ndio uliojaza kurasa nyingi zaidi. Huamka kabla ya mama na hulala baada ya baba. Katika mikutano yetu yote alikuwa akipita na birika, na hakuna hata mmoja wetu, nikiwamo mimi niliyeishi kwa kutafsiri sheria za kazi, aliyehesabu saa zake. Mwezi Juni alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Shikamooni. Naomba ruhusa niende nyumbani, mama anaumwa." Wenye nyumba walitazamana. Niliona wote wawili wakipiga hesabu ileile: zamu, saa 9, Kimara, mtoto.

Baba ndiye aliyevunja ukimya. Alinigeukia akauliza, "Mzee, hivi yeye likizo yake kwa mwaka ni siku ngapi?"

Nikamwambia ni 28, kama zako, na sheria ni ileile.

Alitoa simu akaanza kumtafuta yule mwenzake wa zamu. Mama akaliteremsha daftari msumarini, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuchora mistari ya siku.